Vina vya Kiingereza: Ni sikio la nani linalosahihisha mtihani?

Katika karatasi ya kwanza ya mtihani wa Kiingereza wa KCSE, alama 30 kati ya 60 hutengewa stadi za kuzungumza. Ajabu ni kwamba katika sehemu hiyo hakuna mtahiniwa anayefungua kinywa. Anaketi kimya kama wenzake, anashika kalamu, na kuulizwa kwa maandishi kuhusu mambo ya sikio: neno lipi hapa halifanani na mengine kwa sauti; herufi gani haitamkwi; neno gani jingine hutamkwa sawasawa na hili; eleza mpangilio wa vina katika ubeti huu.

Mpenzi msomaji, makala haya yanakusudia kuangazia swali hilo la mwisho, la vina, kwa sababu ndilo linalofichua tatizo zima. Mtoto anayesoma Kiswahili na Kiingereza katika darasa moja hufunzwa kanuni mbili za vina zinazopingana, na mara nyingi hakuna anayemwambia kuwa zinapingana. Akikosea, huambiwa kwamba hajui Kiingereza. Kumbe huenda tatizo ni kuwa anajua Kiswahili vizuri!

Haya basi, tuanze nyumbani. Kina katika ushairi wa Kiswahili ni silabi. Katika shairi la kimapokeo la mizani kumi na sita, silabi ya nane ya mshororo hubeba kina cha kati na silabi ya mwisho hubeba kina cha tamati. Kaluta Amri Abedi alipoandika sheria zake za kutunga mashairi, zilizochapishwa mwaka 1954, alikuwa akiyaweka kwenye maandishi yale ambayo malenga walikuwa wameyazingatia tangu jadi. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, ‘paka’, ‘peleka’, ‘shuka’ na ‘safirika’ yana kina kimoja: -ka. Hatujali kinachotangulia silabi hiyo. Tena tukumbuke kuwa mkazo wa neno la Kiswahili huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hivyo kina chetu hukaa mahali ambapo mkazo haupo.

Kiingereza kinafanya kinyume kabisa. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho wa neno. Kinachotakiwa kutofautiana ni konsonanti iliyo mbele ya irabu hiyo. Ndiyo maana ‘eating’ lina kina kimoja na ‘meeting’ na ‘beating’, lakini halina kina kimoja na ‘running’. Kwa sikio la Mwingereza, ile -ing ya mwisho peke yake si kitu, kwani mkazo umekwisha kupita. ‘Running’ mwenzake ni ‘cunning’. Vilevile ‘teacher’ ni wa ‘preacher’, na ‘mother’ ni wa ‘brother’. Ukiweka ‘teacher’ na ‘mother’ mwishoni mwa mishororo miwili, Mwingereza atakuambia kuwa hapo hapana vina.

Sasa mchukue mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyetoka kwenye kipindi cha ushairi wa Kiswahili. Mpe ubeti wa Kiingereza ambao mishororo yake inaishia kwa ‘running’, ‘sleeping’, ‘falling’ na ‘eating’. Ataandika nini? Bila shaka ataandika kwamba ubeti una urari wa vina, a-a-a-a, kwa sababu silabi za mwisho zote zimefanana. Kwa kanuni aliyofunzwa saa moja iliyopita, amepata. Kwa kanuni ya mtahini, amekosa. Je, nani amwambie? Mwalimu wa Kiswahili hamwambii kwa kuwa hilo si somo lake. Mwalimu wa Kiingereza naye hamwambii, pengine kwa kuwa kwake neno ‘rhyme’ ni jambo lisilohitaji maelezo. Mtoto anabaki katikati.

Hilo ni la kwanza. La pili ni macho. Tahajia ya Kiswahili ni mwaminifu: unachokiona ndicho unachokitamka. Mtu aliyezoea uaminifu huo akikutana na Kiingereza, macho humdanganya mchana kweupe. Tazama tu herufi hizi nne, o-u-g-h. Katika ‘though’ zinatoa sauti ya ‘go’. Katika ‘through’ zinatoa ile ya ‘too’. Katika ‘cough’ zinakwenda na ‘off’. Katika ‘enough’ zinakwenda na ‘stuff’. Na katika ‘bough’, yaani tawi la mti, zinakwenda na ‘cow’. Maneno matano, mwisho mmoja kwa macho, miisho mitano kwa sikio. Mholanzi mmoja, Gerard Nolst Trenité, aliudhika na kuchekeshwa na mambo haya kiasi cha kutunga shairi refu liitwalo The Chaos, lililochapishwa mwaka 1920, ambalo kazi yake ni kupanga maneno ya Kiingereza yanayofanana kwa tahajia na kutengana kwa sauti. Jina la shairi lenyewe linatosha kuwa mapitio yake.

Lakini vurugu hiyo ina historia, na hapa ndipo walimu wengi wanapopitwa na nafasi ya dhahabu. William Caxton alianzisha mtambo wa kupiga chapa huko Westminster mwaka 1476. Wachapishaji wakaanza kuyaganda maneno katika tahajia moja. Bahati mbaya ni kwamba wakati huohuo, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa zinahama. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliyaita mageuzi hayo Mhamo Mkuu wa Irabu. Sauti ziliondoka, herufi zikabaki. Ni kama familia iliyohama nyumba lakini kibao cha jina kikaachwa mlangoni.

Chukua ‘food’, ‘good’ na ‘blood’. Zamani yote matatu yalikuwa na irabu moja, ‘o’ ndefu, ndiyo sababu yanaandikwa kwa namna moja. Leo ‘food’ linakwenda na ‘rude’, ‘good’ linakwenda na ‘could’, na ‘blood’ linakwenda na ‘mud’. Au chukua ‘tea’. Alexander Pope, katika shairi lake la kejeli The Rape of the Lock, toleo la mwaka 1714, alilitilia ‘tea’ kina kimoja na ‘obey’. Msomaji wa leo hudhani kwamba malenga huyo aliteleza. Hakuteleza. Enzi hizo neno hilo lilitamkwa ‘tei’, kama lilivyotoka kwa Waholanzi, ambao nao walilipata kutoka kwa Wachina wa pwani ya kusini waliosema ‘te’. Sisi wenzao, kwa kupitia Uajemi na Bara Hindi, tulilipokea jina la pili la Kichina la kinywaji hicho hicho, tukasema ‘chai’. Majani ni yale yale. Njia ya biashara ndiyo iliyotofautiana.

Kuna hata herufi ambazo hazijawahi kutamkwa katika Kiingereza tangu Mungu aumbe. Ile ‘b’ ya ‘debt’ ni mojawapo. Waingereza walilichukua neno hilo kwa Wafaransa likiwa halina ‘b’. Baadaye wasomi waliotaka kuonyesha kwamba wanajua Kilatini wakaichomeka ili ikumbushe asili ya mbali, debitum. ‘Island’ nalo likatiwa ‘s’ kwa kudhaniwa kuwa ni jamaa ya ‘isle’, ilhali si jamaa yake. Mwanafunzi wetu anapoulizwa katika mtihani ataje herufi isiyotamkwa, kwa hakika anaulizwa akumbuke majivuno ya wasomi wa kale. Angeelezwa hivyo, asingesahau kamwe. Badala yake, vitabu vingi vya marudio humpa orodha ya kukariri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi: hata tukikubaliana kwamba kina cha Kiingereza ni cha sikio wala si cha macho, ni sikio la nani? Mtu wa London husema ‘law’ na ‘more’ yana kina kimoja, kwa kuwa ‘r’ ya mwisho haitamki. Mtu wa Edinburgh na wa Chicago watamkatalia, kwa sababu wao wanaitamka. London ‘caught’ na ‘court’ ni sauti moja. Edinburgh ni mbili. Neno ‘clerk’ huko Uingereza linakwenda na ‘dark’. Marekani linakwenda na ‘work’. Hata wimbo wa alfabeti wanaoimba watoto wa chekechea umejengwa juu ya sikio la Kimarekani: herufi ya mwisho ikiitwa ‘zee’ wimbo unapata kina, na ikiitwa ‘zed’, kama tunavyofunzwa sisi, kina kinavunjika. Watoto wetu wa mjini walioukariri kwenye katuni huimba ‘zee’ sebuleni na kusahihishwa ‘zed’ darasani.

Na sikio la Mkenya je? Kiingereza cha Uingereza kina irabu zipatazo ishirini, ukihesabu na zile za kuunganika. Lugha zetu nyingi zina tano au saba. Kwa hivyo Mkenya anapozungumza Kiingereza, irabu zile nyingi hujibana katika vyumba vichache. Kwa wengi wetu ‘hat’, ‘hut’, ‘hurt’ na ‘heart’ hutoka kinywani zikiwa karibu neno moja. ‘Bird’ hukaribiana na ‘bad’, na ‘work’ hukaa jirani na ‘luck’. ‘Ship’ na ‘sheep’ hupanda chombo kimoja. Hiyo si ajali ya mtu mmoja mmoja wala si uvivu. Ni mfumo, una kanuni zake, na wasikilizaji wake wanaelewana bila mkalimani.

Tazama basi kinachotendeka. Wasanii wetu wa muziki wa kufoka wanapochanganya Kiingereza na Sheng, wanatilia vina kwa sikio hili la nyumbani. Hadhira inasikia vina, inaitikia na kupiga makofi. Msanii huyo huyo akiketi katika chumba cha mtihani, sikio lililompa riziki linamnyima alama. Anatakiwa, kwa kutazama karatasi tu, akisie namna mtu asiyemjua, katika mji asioufikia, anavyotamka neno. Huko si kupima uwezo wa kuzungumza. Ni kupima kumbukumbu ya matamshi ya wengine.

Hasara si ya alama pekee. Shuleni na ofisini tuna neno la kumcheka anayetamka Kiingereza kwa lafudhi ya lugha ya mama: tunasema ‘anashrabu’. Kijana mwenye mawazo mazuri hunyamaza mkutanini, akihofia kwamba ‘r’ au ‘l’ yake itazua kicheko. Anayecheka naye, ukimsikiliza kwa makini, ana irabu tano zile zile. Tofauti ni kwamba konsonanti zake zimepigwa pasi. Jamani, hivi tunachekana kwa lipi?

Ushahidi kwamba sikio letu lina mantiki umo katika Kiswahili chenyewe. Neno ‘kabati’ linatokana na ‘cupboard’. Herufi ‘p’ iko wapi? Haipo, kwa sababu Waingereza wenyewe hawaitamki. Aliyelikopa neno hilo hakulisoma, alilisikia, tena kwa usahihi kuliko mwanafunzi wa leo anayesema ‘kap-bodi’ kwa kufuata tahajia. ‘Shati’ nalo halina ‘r’, kama ambavyo ‘shirt’ la London halina. Lakini ‘korti’ ina ‘r’ yake, kama kwamba hapo jicho, au sikio lililozoea msemaji mwingine, lilipewa kura. Nalo ‘sketi’ latoka ‘skirt’. ‘Shirt’ na ‘skirt’ ni ndugu wa damu. Moja ni la Kiingereza cha kale, jingine lililetwa na watu wa Skandinavia, na yana kina kimoja hadi leo. Sisi tumeyapa irabu tofauti, ‘shati’ na ‘sketi’, ila kwa kanuni ya ushairi wetu bado yana kina kimoja: -ti. Na si hayo tu. Koti, korti, kabati, tiketi, blanketi: maneno ambayo kwao hayakuwahi kukutana mwishoni mwa mshororo, kwetu yameketi jamvi moja. ‘Nurse’ na ‘bus’ hayana kina kimoja Uingereza. Hapa Kenya ‘nasi’ na ‘basi’ yanacho. Kiswahili hakikuharibu maneno hayo. Kiliyapa uraia.

Lililo kweli kwa sauti ni kweli kwa maana na matumizi pia. Mkenya akiona mtu amejikwaa barabarani husema ‘sorry’. Mgeni wa kutoka Uingereza hushangaa: mbona unaomba radhi ilhali hukunisukuma? Anachokisikia ni kukiri kosa. Tunachokisema ni ‘pole’. Kiingereza hakina neno hilo, basi tukakiazima kile kilicho karibu na kukitia moyo wetu. Tukimuuliza mtu ‘where do you stay?’ tunamaanisha anakaa wapi, yaani makao yake. Mwingereza huenda akadhani tunauliza hoteli aliyofikia. Na hoteli yenyewe? Kwa Mwingereza ni mahali pa kulala. Kwetu, ukimwambia mtu mkutane hotelini, anajiandaa kwa chai na mandazi. Haya yote hukutana na wino mwekundu wa mwalimu, mara nyingi bila maelezo.

Wanaosahihisha hivyo husema kwamba maana ya neno ni ile ya asili. Wangejua historia ya Kiingereza wasingesema hivyo. ‘Nice’, neno ambalo leo ni la sifa, lilianza likiwa na maana ya mjinga, kutoka neno la Kilatini la asiyejua. ‘Silly’, ambalo leo ni tusi jepesi, zamani lilikuwa na maana ya mwenye heri. ‘Girl’ lilikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. ‘Meat’ lilikuwa chakula chochote. Kama wenye lugha waliruhusiwa kuyageuza maneno yao kiasi hicho, kwa nini ‘hotel’ ikigeuka Nakuru iwe kosa la jinai?

Najua kuna watakaopinga. Watasema kwamba lugha ya kimataifa inahitaji kipimo kimoja, kwamba rubani na daktari hawawezi kuzungumza kila mmoja kwa sikio la kijijini kwao, na kwamba kumwachia mtoto matamshi yoyote ni kumfungia milango. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Penye hatari ya maana kupotea, tofauti za sauti ni lazima zifunzwe, tena kwa bidii. Mtoto anayeweza kutenganisha ‘live’ na ‘leave’ ana silaha ya ziada. Aidha, haifai mwalimu aandike barua ya kazi kwa Sheng kwa kisingizio cha uraia wa maneno.

Hata hivyo, kufunza kipimo ni jambo moja, na kupima bila kutaja kipimo ni jambo jingine. Kwa maoni yangu yapo mambo matatu yanayowezekana bila gharama kubwa. Kwanza, maswali ya sauti yasikike. Shule ambazo zina redio au simu moja ya mwalimu zinaweza kuwasikilizisha wanafunzi ubeti kabla ya kuwauliza vina vyake. Mtaala wa umilisi tayari una mada ya kusikiliza na kuzungumza. Ingekuwa aibu mada hiyo nayo ikaishia kwenye karatasi. Pili, mtahini aseme waziwazi ni Kiingereza cha wapi anachokipima. Kamusi nzuri za siku hizi huonyesha matamshi ya Uingereza na ya Marekani bega kwa bega bila kuona haya. Tatu, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wakae pamoja japo kwa kipindi kimoja kila muhula, wawaeleze wanafunzi kwamba kina cha huku ni silabi ya mwisho na kina cha kule huanzia penye mkazo. Dakika arobaini za maelezo hayo zina faida kuliko kurasa arobaini za orodha.

Kabla ya juma lijalo, mpe mwanao jozi hizi na umwombe akuambie zipi zina vina kwa Kiingereza, kisha zipi zina vina kwa kanuni ya Kiswahili: ‘love’ na ‘move’, ‘great’ na ‘threat’, ‘debt’ na ‘bet’, ‘falling’ na ‘eating’, ‘clerk’ na ‘park’. Usimpe karatasi. Msomee kwa sauti, halafu mwambie ni sauti ya wapi hiyo uliyosomea. Ukiona umekwama kujibu swali hilo la mwisho, utakuwa umefahamu kwa nini yeye hukwama kila mara anapoketi kwenye mtihani.